Kilomita Moja ya Waya kwenye Cherehani ya Mama

Pikapu ya katikati ya gitaa langu la umeme, moja ya vile vifaa vitatu vilivyo chini ya nyuzi vinavyoidaka sauti yake na kuipeleka kwenye amplifaya, ilikuwa imekufa, na miezi minne ilipita bila mimi kujua. Kila Jumapili kanisani nilisukuma ile swichi ya nafasi tano inayochagua pikapu, nafasi ya pili, nafasi ya nne, nikitafuta sauti ya seben, ile sehemu ya gitaa la kasi ya muziki wa Kikongo, inayodondoka kama manyunyu juu ya bati. Kila Jumapili sauti ilibaki ileile, kavu, na mvumo nyuma yake. Nafasi ya tatu, ya pikapu ya katikati peke yake, ilikuwa kimya kabisa. Nilidhani swichi imeingia vumbi, nikaipulizia dawa ya kusafishia. Haikusaidia kitu.

Mimi ni fundi simu hapa Busia, mpakani na Kenya, upande wa Uganda. Meza yangu iko baraza moja na cherehani ya mama. Yeye anashona sare za shule na magauni ya gomesi, mimi nabadilisha vioo na sehemu za kuchajia. Wateja wetu ni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka, wauza mahindi, wabadilisha fedha, na kwa kuwa kila mmoja amekuja na lugha ya kwao, Kiswahili ndicho tunachoshinda nacho tangu asubuhi hadi tufunge. Gitaa nililinunua la mtumba kwa shilingi 280,000. Lina umbo la Stratocaster, lile gitaa maarufu la kampuni ya Fender, lina pikapu tatu, rangi nyekundu iliyochubuka pale mkono unapolala, na kichwani halina jina la kampuni yoyote.

Kwanza nililipeleka kwa fundi mmoja Kampala. Alilitazama kwa dakika kumi, akanitoza 20,000, akaniambia pikapu haitengenezwi, ikifa inatupwa, ninunue seti mpya ya tatu kwa 450,000. Nilirudi nalo kwenye taksi, nimelipakata, Jinja, Iganga, Bugiri, njia nzima nikiwaza jambo moja. Kila siku nalehemu vipande vilivyo vidogo kuliko punje ya mtama. Kitu chenye nyaya mbili tu zinazotoka nje kinawezaje kuwa hakitengenezwi?

Usiku ule nililegeza nyuzi, nikafungua skrubu za lile bamba jeupe, nikaligeuza. Nikaweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Pikapu ya daraja, ile iliyo karibu na pale nyuzi zinapofungwa, ilisoma 7,100. Ya shingo 6,800. Ya katikati ikatoa ile namba moja inayosimama peke yake upande wa kushoto, ambayo kila fundi anaijua: njia imekatika. Mahali fulani ndani ya koili, yaani ule waya uliozungushwa mara nyingi ndani ya pikapu, palikuwa pamekatika.

Kwa asiyewahi kuiona pikapu kwa ndani, ikumbuke dainamo ya baiskeli. Sisi wa Busia tumekua nazo, maana bodaboda za kwanza zilikuwa baiskeli, na jina lenyewe lilizaliwa huku mipakani, watu wakibebwa kutoka mpaka hadi mpaka. Kwenye dainamo, sumaku inazunguka karibu na waya uliokunjwa mara nyingi, umeme unatoka, taa inawaka. Kwenye gitaa, sumaku na waya vyote vimetulia, kinachocheza ni uzi. Uzi ni wa chuma, kwa hiyo sumaku iliyo chini yake inaufanya nao uwe sumaku kidogo. Ukiupiga, unatikisa nguvu ya sumaku inayopita katikati ya koili, na koili inatoa umeme mdogo sana unaopanda na kushuka kama uzi unavyopanda na kushuka. Amplifaya inaukuza. Ndiyo habari yote. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi kitu kwenye pikapu ya namna hii, hata ungezipiga vipi.

Yangu, kama zilivyo nyingi za magitaa ya bei nafuu, ina vijiti sita vya chuma cha kawaida vilivyopita kwenye kiunzi cha plastiki, na chini yake kipande kimoja cha sumaku nyeusi ya kauri kilichogundishwa. Zile za gharama hutumia vijiti ambavyo vyenyewe ndivyo sumaku, vya alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Kauri ina nguvu na ni ya bei rahisi. Watu huidharau sana, na mimi siungi mkono dharau hiyo. Naona kasoro nyingi za pikapu za kauri hutokana na kuwekwa karibu mno na nyuzi.

Hilo ndilo la kwanza nililorekebisha, na ni la bure. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, vile vipande vya chuma vinavyokata shingo, kisha pima nafasi kati ya uzi na kichwa cha kijiti. Kwa pikapu za koili moja kipimo kimoja cha kuanzia ni milimita 2.4 upande wa uzi mnene na milimita 2 upande wa uzi mwembamba. Ya shingo kwenye gitaa langu haikufika hata milimita moja. Sumaku ilikuwa inauvuta uzi mnene mpaka noti za juu zinayumba, kana kwamba kuna nyuzi mbili zisizopatana. Niliteremsha skrubu mbili tu na gitaa likaanza kukaa kwenye tuni. Kama una gitaa nyumbani linaloudhi na huwezi kusema kwa nini, anza hapo kabla ya kugharimika.

Lakini koili iliyokatika haitibiwi kwa bisibisi. Nilikata waya wa zamani kwa wembe, ukatoka kama kichaka cha nywele za shaba, nikabaki na kiunzi kitupu. Sasa nilihitaji waya.

Waya wenyewe ni milimita 0.063. Ukiulaza kando ya unywele huwezi kujua kwa jicho upi ni upi, mpaka jua liupige ung'ae. Pikapu moja ya aina ya Stratocaster inakula mizunguko kama 8,000, na ukiinyoosha yote unapata kilomita moja na kidogo. Niliposoma hesabu hiyo nilisimama. Kilomita nzima, imekaa ndani ya kitu kinachofunikwa na kiganja, na uzito wake ni kama gramu 30.

Nilikwenda Katwe, Kampala, kwa wanaofunga mota upya, kwa sababu kama kuna mahali Uganda ambapo waya wa shaba unauzwa kwa kupimwa kwenye mizani, ni pale. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga mota ya pampu alinionyesha mwembamba kuliko zote alizokuwa nazo. Nilipoweka kipimo, ulikuwa mnene zaidi ya mara mbili ya nilioutaka. Alicheka kwa upole nilipomwambia mizunguko ninayotaka. "Mwanangu, huo si waya, huo ni utando wa buibui." Nilijaribu pia kuvunja zile adapta za zamani nzito zenye transfoma ndani. Waya wa upande wa umeme wa nyumba ni mwembamba kweli, ila hautoshi: kila adapta ilinipa mita mia mbili na ushee, na kuunga vipande vitano ni kujitafutia sehemu tano za kukatika. Mwishowe rafiki yangu anayeagiza vioo vya simu kutoka China alinitilia rola moja kwenye mzigo wake. Gramu 250, shilingi 95,000. Hiyo inatosha pikapu nane.

Likabaki swali la kuuzungusha mara elfu nane.

Nilikuwa nimesoma kuhusu George Beauchamp, yule wa Marekani aliyetengeneza pikapu ya kwanza ya sumaku iliyofanikiwa kibiashara, mwanzoni mwa miaka ya 1930, akishirikiana na Adolph Rickenbacker. Husimuliwa kwamba alizungusha koili zake za majaribio kwa mota ya mashine ya kufulia ya nyumbani kwake, na mwenzake Paul Barth akakumbuka kwamba baadaye walitumia mota ya cherehani. Nilipofika kwenye neno hilo niliinua macho. Cherehani ilikuwa mita mbili kutoka nilipokaa, na mama alikuwa anaitumia.

Cherehani ya mama ni ile nyeusi ya miguu, yenye meza ya mbao na kanyagio la chuma. Pembeni karibu na gurudumu kuna kile kifaa cha kujazia uzi kwenye bobini: kijiti kidogo chenye mpira unaogusa gurudumu na kuzunguka nalo. Unalegeza kitasa cha katikati ya gurudumu, sindano inasimama, gurudumu linazunguka peke yake. Mafundi cherehani wamekuwa wakizungusha uzi mwembamba kwenye kiunzi kidogo kwa njia hiyo miaka yote. Nilichotaka kubadilisha ni uzi na kiunzi tu.

"Hiyo cherehani ndiyo iliyokusomesha," mama alisema nilipomweleza. "Ukiiharibu wiki hii, nina sare arobaini."

Tulikubaliana: usiku tu, baada ya yeye kumaliza, na mafuta ya mashine nitanunua mimi.

Nilichonga kibao cha mviringo, nikakibana kwenye kile kijiti, nikaugundisha uso wa kiunzi cha pikapu kwa gundi ya pande mbili tunayobandikia vioo vya simu. Kuhesabu nilitumia kalkuleta. Ukibonyeza 1 + 1 halafu ukaendelea kubonyeza alama ya sawasawa, kila mbonyezo unaongeza moja. Nilifungua kalkuleta ya shilingi 5,000, nikalehemu nyaya mbili kwenye kitufe hicho, nikazipeleka kwenye kile kichupa kidogo cha kioo chenye vibati viwili vinavyogusana sumaku ikipita, ambacho nilikitoa kwenye king'ora cha mlango. Sumaku ndogo ya spika ya simu nikaibandika kwenye gurudumu la cherehani. Kila gurudumu likimaliza mzunguko, namba inapanda.

Mara ya kwanza sumaku hiyo niliibandika kwenye kile kijiti cha bobini chenyewe. Kalkuleta ikashindwa kufuata mwendo, ikawa inaruka namba. Gurudumu linakwenda polepole zaidi. Nikapiga alama kwa chaki, nikaligeuza mara kumi kwa mkono, kijiti kikageuka mara 57. Kwa hiyo mizunguko 8,000 ya waya ni kama 1,404 ya gurudumu. Mpira huteleza kidogo, hesabu haiwezi kuwa kamili, lakini mwisho wa yote mita ya omu ndiyo inayosema kweli.

Usiku wa kwanza umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Haikunisumbua, cherehani haitaki umeme. Niliweka taa ya sola juu ya sanduku, nikaketi kwenye kigoda cha mama, miguu kwenye kanyagio, waya ukipita kati ya kidole gumba na cha shahada.

Sasa niseme kitu ambacho maelezo niliyoyasoma hayakukieleza vizuri. Kiunzi cha pikapu si duara. Ni kirefu, kama sentimita sita na nusu, na chembamba. Kinapozunguka, ncha mbili zinapita moja baada ya nyingine, na kila ncha inapopita inauchota waya kwa ghafla. Katikati ya ncha hizo waya unalegea. Vuta, legea, vuta, legea, mara mbili kwa kila mzunguko. Vidole vinausikia kama mapigo ya moyo wa kitu kidogo. Ukibana sana, ncha inapopita waya unakatika, na huoni ukikatika, unaona tu kwamba mkononi hakuna kitu. Ukiachia sana, unajilundika upande mmoja, koili inakuwa laini kama mto na baadaye inapiga kelele jukwaani.

Nilikata mara tatu kabla ya kufika mizunguko mia sita. Mama alikuwa amelala, au nilidhani amelala. Alitoka na khanga begani, akasimama nyuma yangu akitazama.

"Unavuta nini?"

"Navuta waya usilegee, mama."

"Mashine ndiyo inayovuta. Wewe ushike usipotee tu." Akachukua kipande cha shali kutoka kwenye mfuko wa mabaki, akakikunja mara mbili, akakiweka kati ya vidole vyangu. "Hivi. Uzi wa kudarizi tunaupitisha hivi. Na punguza miguu. Hakuna anayekukimbiza."

Nikapunguza miguu. Kile kitambaa kiliuchukua waya kwa upole mmoja, ncha ikichota kitambaa kinatoa, ncha ikipita kitambaa kinarudisha. Nilianza kuupeleka waya kulia na kushoto bila mpangilio wa karibu mno, kama unavyotandaza uji kwenye sahani upoe. Wapo watengenezaji wanaoipenda namna hii ya mkono, kwa sababu nyaya zisipolala sambamba kabisa ule ukapasita, yaani umeme mdogo unaohifadhika kati ya tabaka na tabaka, hupungua, na sauti za juu hubaki wazi. Mimi sikuwa na namna nyingine, lakini nilifurahi kujua kwamba mkono hauna ubaya.

Gurudumu 1,404. Nilifika saa saba na robo usiku. Koili ilikuwa imejaa, inang'aa rangi ya chai nyekundu. Mita ikasoma 5,990. Nikamwamsha mama kumwonyesha. Aliigeuza mkononi, akasema imejaa vizuri, akarudi kulala.

Asubuhi niliivunja.

Waya wa mwanzo, ule wa ndani kabisa, unatokea kwenye tundu dogo la kiunzi na unalehemiwa kwenye waya mnene unaokwenda kwenye swichi. Nililehemu vizuri. Kisha nikainua pikapu nikiwa nimeshika huo waya mnene, badala ya kushika kiunzi. Uzito wote ukaning'inia kwenye unywele mmoja. Ukakatikia ndani ya tundu, mahali ambapo hakuna kibano kinachofika. Ukikatika waya wa nje unatoa mzunguko mmoja unalehemu tena. Ukikatika wa ndani, umelaliwa na kilomita nzima. Niliketi nikiitazama mpaka mteja wa kwanza alipokuja na simu iliyoingia maji.

Kwa hiyo nilirudia, usiku wa Jumapili. Safari hii kabla ya kuanza niliuzungusha waya mnene kwenye kiunzi, nikaufunga kwa uzi wa mama wa kushonea vifungo, ili ukivutwa, uzi ndio ubebe. Nashauri kila mtu afanye hivyo tangu pikapu ya kwanza. Na kwa kulehemu: waya niliopata una rangi ya kuhami inayoungua yenyewe kwa joto la risasi. Niliweka chuma cha kulehemu kwenye nyuzi joto 400, nikaacha tone la risasi lichemke juu yake sekunde mbili tatu mpaka likashika. Zipo aina nyingine ambazo rangi yake haiungui na lazima uikwangue kwa msasa laini, taratibu mno.

Koili ya pili ilisoma 6,020 usiku. Mchana uliofuata, baraza likiwa limechemka, ilisoma 6,200 na zaidi. Usishtuke ukiona hivyo. Ukinzani wa shaba unapanda kama asilimia nne kwa kila nyuzi joto kumi, na vipimo vingi unavyosoma vimechukuliwa kwenye vyumba vyenye baridi kuliko Busia.

Baada ya hapo ni nta. Mizunguko ya waya hata ikikazwa inabaki na nafasi ndogondogo, na sauti kubwa ikiipiga, inatikisika, pikapu inageuka maikrofoni na kuanza kulia filimbi kali. Nta inaishikanisha. Nilichanganya mishumaa ya dukani sehemu nne na nta ya nyuki sehemu moja. Mishumaa peke yake ikikauka inapasuka, ya nyuki inaipa ulaini. Chombo cha nta kinakaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta inashika moto na moto wake hauzimwi kwa maji. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 65.

Nilianza na ile ya shingo ili nijifunze, na hapo ndipo nilipopata hasara ya pili. Nilikuwa na sigiri, mkaa ulikuwa umekolea, na dereva mmoja alikuja akiwa na haraka ya kuvuka kabla foleni haijarefuka. Nilimhudumia dakika kumi. Niliporudi maji yalikuwa yanatokota. Kingo za plastiki zilikuwa zimepinda kama kipande cha muhogo kilichokaangwa. Waya ulisalimika, inasoma 6,800 kama zamani, ila kifuniko chake hakiingii mpaka leo. Kwa ile ya katikati nilitoa mita yangu yenye kipimo cha joto, nikakitumbukiza ndani ya nta, nikaketi palepale na kuwaambia wateja wasubiri. Ilikuwa inatoa vipovu vidogo, mstari mwembamba kama wa soda, hewa ikitoka katikati ya nyaya. Vipovu vilipoisha, kama dakika ishirini, nikaitoa, nikaifuta, nikaiacha ipoe yenyewe.

Kabla ya kuirudisha nilifanya kitu kimoja zaidi, na ndicho kilicholeta tofauti kubwa kuliko vyote.

Koili moja peke yake ni antena. Umeme wa nyumba zetu unakwenda mara 50 kwa sekunde, na kila waya ukutani, kila taa, kila transfoma ya amplifaya inatangaza mvumo huo, koili inaudaka. Njia ya kuumaliza imejulikana zamani. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliiombea hataza mwaka 1955 kwa pikapu yenye koili mbili pamoja: geuza sumaku ya koili moja, geuza na mwelekeo wa waya wake. Sauti ya uzi inageuzwa mara mbili, kwa hiyo inarudi ilivyokuwa na kujumlishana. Mvumo haujali sumaku, unageuzwa mara moja tu, kwa hiyo wa koili hii unafuta wa koili ile. Kwenye gitaa la pikapu tatu unaweza kufanya hivyo kwa ile ya katikati, na ukiiunganisha na jirani yake yeyote, mvumo unakwenda.

Niliipasha moto sumaku ya kauri kwa upepo wa moto wa mashine yangu ya kutengenezea simu, joto la chini kabisa, gundi ikalainika, nikaichomoa na kuilaza kifudifudi. Dira ya kwenye simu ikanithibitishia kwamba imegeuka. Kuhusu mwelekeo wa waya, sikuwa nimeugeuza wakati wa kuzungusha, na nilifikiri nimepoteza nafasi. Nikaunganisha hivyohivyo, nikawasha, nikaweka nafasi ya nne, inayounganisha ya katikati na ya shingo. Sauti ilikuwa nyembamba, ya puani, kama mtu anayeongea kwenye simu mbovu, na mvumo umezidi. Ndipo nilipoelewa. Koili haina kulia wala kushoto mpaka wewe uamue waya upi uende kwenye swichi na upi uende ardhini, yaani upande wa kurudi wa umeme. Nikazibadilisha zile nyaya mbili, sehemu mbili za kulehemu, dakika moja.

Nikapiga tena. Mwili wa sauti ulirudi wote. Na nyuma yake hapakuwa na kitu. Niliweka sikio kwenye spika. Nilisikia cherehani ya mama, nilisikia kondakta wa taksi akiita abiria wa Tororo, lakini mvumo haukuwapo.

Kuna mengine niliyoyafanya ya haraka. Nilitandika karatasi ya shaba yenye gundi ndani ya shimo la gitaa na kuiunganisha na ardhi, maana bado kwenye nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano kila pikapu iko peke yake. Nilibadilisha kapasita ya toni, kile kipande kinachopunguza sauti za juu, nikaweka ya maikrofaradi 0.022 badala ya 0.047 iliyokuwamo, kwa sababu nikifunga toni nataka sauti ipoe, si izibwe. Hilo ni la ladha, mwingine atapenda ile kubwa.

Jumapili tulikuwa na wimbo wa sifa unaoingia seben baada ya ubeti wa tatu. Mzee wa mitambo ya sauti alikuwa amezoea kunisikia kabla sijapiga: nikichomeka tu, ule mvumo unamwambia gitaa limefika. Safari hii nilichomeka, nikasimama nimeshika nyuzi, nafasi ya nne. Nilimwona anainama, anagusa waya, anatazama taa za mashine, anapandisha sauti, anapandisha tena. Akanionyesha kwa mkono kwamba hapati kitu. Nikamfanyia ishara ateremshe, hakunielewa. Kwaya ikafika mwisho wa ubeti wa tatu, nikaingia. Kila noti ilitoka peke yake, imenawa uso, na vidole vyangu vikafanya vitu ambavyo nilikuwa nikivifanya tangu zamani bila kuvisikia. Wapiga makofi wa safu ya mbele waligeuka. Mzee wa mitambo alirudisha sauti chini haraka, kisha akaniangalia, akainua dole gumba.

Waya uliobaki kwenye rola unatosha pikapu sita. Inayofuata ni ile ya shingo niliyoipinda. Nimeshaagiza kiunzi kipya pamoja na vijiti sita vya alniko, nataka nisikie kwa masikio yangu tofauti ambayo watu wanaibishania. Mpira wa kujazia bobini uliliwa kidogo na kazi yangu, nimemnunulia mama mwingine na chupa mbili za mafuta. Kwa sasa cherehani imelemewa na mashati ya shule, shule zinafunguliwa, hata usiku haipumziki. Mama ameniambia nisubiri wiki tatu. Kile kitambaa cha shali amekiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano zake.